Maoni ya tawi huishia wapi? Safari ya lengo la chama mpaka kwenye fungu la bajeti

Swali: Mimi ni katibu wa tawi la chama. Kila uchaguzi unapokaribia tunaagizwa kupeleka mapendekezo ya ilani. Tunakaa vikao, tunaandika, tunapeleka. Ilani ikitoka, mapendekezo yetu hatuyaoni, au tunayaona yamegeuzwa hata hatuyatambui. Chama kikishinda, hata yale yaliyoandikwa mengi hayafanyiki. Naomba kueleweshwa: ni nani hasa anayepanga malengo ya chama, na malengo hayo yanaingiaje serikalini?

Jibu: Ndugu Katibu, hapo kuna maswali mawili yenye majibu tofauti, ila yanakutana mahali pamoja, yaani jinsi sentensi ya ahadi ilivyoandikwa. Nianze na yanakokwenda mapendekezo yenu.

Kwa katiba za vyama vingi, mwenye mamlaka ya kupitisha ilani ni mkutano mkuu. Kwa vitendo, mkutano wa wajumbe mamia au maelfu unaokaa siku mbili hauwezi kuhariri kitabu cha kurasa 150. Unakipitisha. Wenye kalamu ni kamati ya maandalizi, watu wachache walioteuliwa na halmashauri kuu au na mwenyekiti, pamoja na sekretarieti inayowaandalia rasimu. Kamati hiyo huanza kazi mapema, mara nyingi mwaka mzima au zaidi kabla ya kura, na rasimu ya kwanza ikishakuwepo, kila kinachofuata ni kuongeza au kupunguza juu yake. Pendekezo linalofika baada ya hapo limechelewa, hata kama tarehe iliyoandikwa kwenye waraka wa makao makuu haijapita.

Mezani kwa kamati, karatasi yenu haiko peke yake. Kuna taarifa za idara ya sera ya chama, maandiko ya wataalamu walioalikwa, matokeo ya tafiti za maoni ya wapiga kura, na madai ya makundi yanayokibeba chama: wafanyakazi, wakulima, wenye viwanda, jumuiya za vijana na wanawake. Juu ya yote ipo timu ya mgombea. Penye urais wenye nguvu, timu hiyo inaweza kuifunika ilani nzima. Mwaka 2020 nchini Marekani, mkutano mkuu wa chama cha Republican haukuandika ilani mpya kabisa. Uliamua kuendelea na ile ya 2016 na kutangaza kuwa unaunga mkono ajenda ya rais. Ukiona chama cha namna hiyo, usihangaike na kamati ya ilani, tafuta nani anaandika hotuba za mgombea.

Sasa kuhusu kugeuzwa. Matawi 40 yakiomba barabara 40, kamati haitaandika barabara 40. Itaandika "tutaboresha barabara za vijijini", na hapo ombi la kila tawi limesagwa humo humo. Hakuna aliyewadharau. Ilani ya taifa haiwezi kubeba orodha ya vijiji, na mwandishi wa rasimu akikutana na majina ya mahali huyaondoa kwanza. Dawa yake ni kuomba kiwango badala ya kuomba mahali. Badala ya "barabara yetu ijengwe", andikeni "kila makao makuu ya kata yaunganishwe kwa barabara inayopitika mwaka mzima". Sentensi hiyo inawabeba ninyi na wengine, ni moja, haina jina la kijiji, na ikipita inampa mtu yeyote haki ya kuuliza: kata yetu je? Kamati inaweza kuikataa kwa sababu ya gharama, lakini haiwezi kuisaga.

Sentensi moja, kwa karibu

Tuchukue ahadi ya kubuni: "Tutaajiri wauguzi 6,000 ndani ya miaka 3." Inasikika vizuri jukwaani. Mtu wa hazina akiisoma anaona kitu kingine.

Ukiajiri 2,000 kila mwanzo wa mwaka, mwaka wa kwanza unalipa mishahara ya watu 2,000, wa pili 4,000, wa tatu 6,000. Watu wengi hupiga hesabu na kuishia hapo. Lakini wale 6,000 hawaondoki mwaka wa tatu ukiisha. Katika muhula wa miaka 5 utakuwa umelipa mishahara ya mwaka mzima mara 24,000 (2,000 + 4,000 + 6,000 + 6,000 + 6,000), na muhula unaofuata utaanza na deni la mishahara 6,000 kila mwaka, nani ashinde, nani ashindwe. Ongeza pensheni, sare, nyumba au posho ya mazingira magumu, na vifaa, kwa kuwa muuguzi asiye na glavu wala dawa ni mshahara unaokaa kwenye kiti.

Kisha muulize mwandishi wa ilani: hao wauguzi 2,000 wa mwaka wa kwanza wanatoka wapi? Kumfundisha muuguzi huchukua takriban miaka 3 au zaidi. Kwa hiyo wa mwaka wa kwanza lazima wawe wameshahitimu na wako mitaani bila kazi. Kama hawapo, ahadi imekufa kabla haijaanza, au itatimizwa kwa kuwahamisha waliopo hospitali binafsi na za mashirika, ambako pengo litafumuka.

Linganisha na ndugu yake mvivu: "Tutaboresha huduma za afya." Hii haina idadi, haina tarehe, haina mwenyewe. Waandishi wa ilani wanaipenda kwa sababu haiwezi kushindwa, na kwa sababu hiyo hiyo haiwezi kumsukuma mtu yeyote kufanya kitu. Kwa maoni yangu, nusu ya malalamiko ya wanachama kwamba "ilani haitekelezwi" yanahusu sentensi ambazo tangu mwanzo hazikuwa na kitu cha kutekelezwa.

Zipo nchi zinazovilazimisha vyama kuwa wakweli kidogo. Uholanzi ina ofisi ya serikali inayochambua sera za uchumi, CPB, ambayo tangu 1986 hupokea rasimu za ilani kutoka kwa vyama vinavyokubali na kutangaza kabla ya kura kila ilani itafanya nini kwa bajeti na ajira. Chama kinachokataa huulizwa kinaficha nini. Australia ilianzisha ofisi ya bajeti ya bunge mwaka 2012, na wabunge, wa upinzani wakiwemo, wanaweza kuiomba iwapigie hesabu ya ahadi. Pasipo na ofisi kama hizo, hesabu hubaki kwa chama chenyewe, na chama kikiwa na haraka ya kampeni hakuna anayeikagua.

Siku ya pili baada ya ushindi

Jambo la kwanza la kuangalia ni kama chama kimepata wingi wa viti peke yake. Kama hakikupata, ilani mliyoipigania imeshakuwa karatasi ya kuanzia mazungumzo. Programu halisi ya serikali ni mkataba wa mseto, yaani makubaliano ya vyama vinavyoungana kuunda serikali.

Ujerumani ilipiga kura Septemba 26, 2021. Vyama vitatu, SPD, Kijani na FDP, vilizungumza mpaka Novemba 24 ndipo vikatoa mkataba wa kurasa zaidi ya 170, na Olaf Scholz wa SPD akachaguliwa kansela, yaani kiongozi wa serikali, Desemba 8. Mkataba wa namna hiyo huandikwa na vikundi kazi vya sekta. Visipokubaliana, hoja hupandishwa kwa viongozi wakuu wachache, nao hubadilishana: wewe achia hili, nami nitaachia lile. Jambo lenu la elimu linaweza kuuzwa usiku mmoja ili chama kipate wizara ya kilimo. Vyama vingine hurudisha uamuzi kwa wanachama. Mwaka 2018 SPD iliwapigisha kura wanachama wake juu ya kuingia mseto na Angela Merkel, na asilimia 66 wakakubali. Ubelgiji, baada ya uchaguzi wa Juni 2010, ilikaa siku 541 bila serikali kamili kwa sababu vyama havikuelewana, na muda wote huo mawaziri wa zamani waliendesha shughuli za kawaida bila kuanzisha sera kubwa mpya.

Chama kidogo kwenye mseto kina hatari yake. Nchini Uingereza, wagombea wa Liberal Democrats waliahidi mwaka 2010 kupinga nyongeza ya ada za vyuo vikuu. Waliingia serikalini na Conservatives, na Desemba mwaka huo bunge likapitisha kikomo cha pauni 9,000 huku baadhi yao wakiunga mkono na wengine wakipinga. Uchaguzi wa 2015 ulipofika wakashuka kutoka viti 57 vya 2010 mpaka 8. Ada haikuwa sababu pekee, lakini ndiyo iliyokumbukwa. Kosa lao la kiufundi lilikuwa kuweka saini kwenye ahadi isiyo na nafasi ya kurudi nyuma, wakijua uwezekano wa kutawala peke yao ni mdogo. Chama kinachotarajia mseto hutenga mapema mambo mawili au matatu kisichoyaachia kwa vyovyote, na yaliyobaki huyaandika kwa lugha ya "tutasukuma" na "tutadai".

Watu, kabla ya fedha

Malengo yanaingia serikalini yakiwa ndani ya vichwa vya watu. Ndiyo maana mgawanyo wa wizara hugombaniwa kuliko maneno ya mkataba. Marekani rais mpya ana nafasi za uteuzi wa kisiasa zipatazo 4,000, na zaidi ya 1,000 kati yake huhitaji idhini ya Seneti, hivyo miezi inapita wizara zikiwa na makaimu. Uingereza huteua wachache zaidi na kuwategemea watumishi wa umma wa kudumu. Ili hao wasikutwe gizani, tangu 1964 kuna utaratibu wa upinzani kukutana na makatibu wakuu wa wizara kabla ya uchaguzi na kuwaeleza wanachokusudia kufanya.

Rudi kwenye wauguzi wetu. Ni wa nani? Wizara ya afya inajua upungufu uko wapi. Ofisi ya utumishi ndiyo inayotoa kibali cha ajira. Hazina ndiyo inayolipa. Mamlaka za mitaa ndizo zinazowapangia vituo. Hizo ni saini nne, na kila ofisi ina foleni yake. Ahadi inayopita wizara nyingi bila kukabidhiwa mtu mmoja hufa taratibu, na hakuna atakayekubali kwamba aliiua yeye. Serikali zinazojua kazi huandaa jedwali katika majuma ya mwanzo: kila ahadi, wizara kiongozi, jina la mhusika, tarehe. Ahadi isiyo na jina kwenye safu ya tatu mnaweza kuianzia tanga mapema.

Kalenda ya bajeti ndiyo hakimu

Viongozi wengi wapya huumia hapa. Ukomo wa matumizi wa kila wizara hupangwa miezi kadhaa kabla mwaka wa fedha haujaanza. Serikali ikiapishwa baada ya hapo, mwaka wake wa kwanza inatumia bajeti ya waliotangulia. Inaweza kuleta bajeti ya nyongeza, lakini hiyo ni finyu, kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha imeshafungwa na mishahara, riba za madeni na miradi yenye mikataba. Kinachobaki cha kuchezea ni kidogo kuliko mgombea alivyodhani. Muhula wa miaka 5, toa mwaka wa kwanza wa kurithi na mwaka wa mwisho wa kampeni, una bajeti tatu za kweli. Jambo lisiloingia kwenye bajeti ya pili kwa kawaida haliwahi.

Serikali ile ile ya Scholz inaonyesha jinsi fedha zinavyoshika roho ya programu. Vyama vitatu vilikuwa na malengo yanayogombana: uwekezaji mkubwa wa mazingira, ulinzi wa huduma za jamii, na kutopandisha kodi wala kukiuka kikomo cha kukopa kilichomo katika katiba. Walipatana kwa kuhamishia mfuko wa mazingira ruhusa ya kukopa euro bilioni 60 iliyokuwa imebaki kutoka wakati wa korona. Novemba 15, 2023, mahakama ya katiba ikabatilisha uhamisho huo. Shimo likawa wazi, na kila chama kikarudi kwenye lengo lake la asili. Novemba 6, 2024, kansela akamfukuza waziri wa fedha, Christian Lindner wa FDP, na mseto ukavunjika. Maandishi ya mkataba hayakubadilika hata neno, ila fedha iliyokuwa imeyashikilia pamoja haikuwepo tena.

Upande wa pili, bajeti ndiyo silaha ya mshirika mdogo. Afrika Kusini, ANC ilipata viti 159 kati ya 400 mwaka 2024 ikalazimika kugawana serikali na wengine, DA yenye viti 87 ikiwemo. Wizara ya fedha ilibaki kwa ANC. Lakini Februari 19, 2025, hotuba ya bajeti iliahirishwa kwa sababu washirika walikataa kupandisha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 15 hadi 17. Pendekezo likapunguzwa kuwa nyongeza ya nusu asilimia kila mwaka kwa miaka miwili, na Aprili nayo ikaondolewa. Kushika wizara bila kura za kutosha bungeni ni kushika ufunguo wa mlango wenye komeo ndani.

Sheria, na fimbo ya mnadhimu

Si kila ahadi inahitaji sheria, na ni vizuri kujua ipi inahitaji nini. Kubadili utaratibu wa ofisi hutosha waraka. Kubadili ada au leseni mara nyingi hutosha kanuni za waziri. Kuunda chombo kipya au kodi kunahitaji muswada, na kugusa katiba kwa kawaida kunahitaji theluthi mbili au kura ya wananchi. Chama kinachoahidi jambo la ngazi ya mwisho kikiwa na wingi mwembamba kinaahidi kura za wapinzani wake.

Uingereza kuna desturi ya tangu 1945, iitwayo ya Salisbury: mabwana wa nyumba ya juu ya bunge hawaukatai katika usomaji wa pili muswada uliotajwa kwenye ilani ya chama kilichoshinda. Hapo neno moja ndani ya ilani lina thamani iliyo karibu na ya kisheria, na waandishi wake hulipima ipasavyo.

Kwingine nidhamu inatoka kwa mnadhimu wa chama, anayesimamia wabunge wapige kura kwa msimamo mmoja, na kwa hofu ya kupoteza kiti. Katiba za Tanzania na Kenya humvua kiti mbunge anayehama chama kilichompeleka bungeni. Afrika Kusini iliruhusu kuhama kuanzia 2002 na ikafuta ruhusa hiyo mwaka 2009. Sheria za namna hii zinaifanya serikali iwe imara, lakini zinahamisha mjadala kutoka bungeni kwenda kwenye kikao cha ndani cha wabunge wa chama, ambako hakuna kumbukumbu rasmi inayochapishwa. Kwa hiyo mbunge wenu akinyamaza bungeni, si lazima awe amewasaliti. Muulizeni alisema nini kwenye kikao cha ndani, na nani mwingine alikuwepo.

Wazee watakukumbusha enzi za chama kushika hatamu, wakati mambo yalikwenda haraka. Kweli yalikwenda, kwa baadhi ya mambo. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 5, 1967, na kesho yake benki zikataifishwa. Waliopitisha azimio na waliotoa amri walikuwa watu wale wale, na jambo lenyewe lilihitaji kalamu ya dola tu. Malengo mengine ya azimio hilo hilo, yaliyotaka mamilioni ya watu wabadili namna ya kuishi na kulima, hayakuweza kumalizwa kwa amri ya siku moja.

Fomu yenu ya safari ijayo

Pelekeni mapendekezo matatu, si thelathini. Kila moja liwe na sentensi moja yenye kiwango, idadi na mwaka wa mwisho. Chini yake andikeni mistari minne: gharama ya mwaka wa kwanza, gharama ya kila mwaka baada ya hapo, wizara inayopaswa kuongoza, na kama linahitaji waraka, kanuni au sheria. Makadirio yenu yakiwa na makosa si kitu. Kamati itayasahihisha, na kusahihisha ni kazi nyepesi kuliko kubuni, kwa hiyo karatasi yenu itapewa nafasi. Tafuteni matawi mengine yatume sentensi ile ile, kwa maneno yale yale, maana sekretarieti huhesabu yanayofanana. Na mpeni nakala mjumbe wa kamati anayetoka upande wenu, mkononi, kabla hajakwenda kikao cha kwanza.

Baada ya ushindi, fuatilieni kwa mpangilio huu: mkataba wa mseto kama upo, hotuba ya kwanza ya kiongozi wa serikali bungeni, mwongozo wa bajeti, kisha kitabu cha makadirio ya matumizi. Kwenye kitabu hicho tafuteni kasma na kifungu cha pendekezo lenu, yaani mstari wa bajeti unaolitengea fedha. Likiwemo, angalieni safu ya mwaka uliopita: fedha kiasi gani ilipitishwa, na kiasi gani ilitolewa kweli. Safu hizo mbili zikipishana sana, barua yenu ya malalamiko ipelekeni hazina, kwa sababu wizara ya afya yenyewe huenda inasubiri fedha kama ninyi.